Jezi Tumezipokea, Kocha Hajaja

Mgeni rasmi, Meneja wa kiwanda chetu cha maboksi. Msimamizi wa zamu uliyefuatana naye. Wazazi wetu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama juani pamoja nasi:

Sisi wasichana wa kota za kiwanda tunakukaribisha kwenye uwanja huu ulio nyuma ya bohari. Tumeumwagia maji tangu asubuhi ili vumbi lisikuchafue viatu. Kiti kile kitupu kando yako hatukukisahau. Ni cha Kocha.

HISTORIA

Mgeni rasmi, wazee wanasema zamani kiwanda kilikuwa na timu yake ya mpira wa wavu, na Kocha ndiye aliyekuwa akiwainulia wenzake mpira wapige. Alikuwa na mikono myepesi, mpira ulitoka vidoleni mwake bila sauti. Kisha mashine ya kukatia maboksi ikamla vidole viwili vya mkono wa kulia. Akahamishiwa getini, kazi yake ikawa kufungua na kufunga. Timu ilikufa, naye akawa mtu wa salamu ya kichwa tu, mkono mfukoni hata wakati wa joto.

Sisi tulianza na kamba ya kuanikia nguo badala ya wavu. Mpira ukitoroka hadi getini, aliurudisha kwa teke bila kututazama. Siku moja hakuupiga teke. Aliuokota, akaja nao mpaka katikati ya uwanja, akautoa ule mkono mfukoni. Alisema neno moja, "Tazameni," akauinua mpira juu.

Basi tulimtazama. Yeye si mtu wa maneno, alionyesha na sisi tukafuata. Tulimtazama vizuri kupita kiasi, kwa maana kila mmoja wetu alijifunza kuinua mpira huku amekunja vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia. Tulidhani ndio ufundi wenyewe. Tulikwenda kucheza na timu ya mtaa wa pili tukiwa tumevikunja, mipira ikatuponyoka, tukafungwa hadi watazamaji wakatuonea huruma.

Tuliporudi Kocha aliuliza, "Nani kawafundisha kukunja vidole?"

Mwenzetu tunayemwita Twiga, kwa urefu wake, ndiye aliyejibu: "Si wewe, Kocha?"

Aliutazama mkono wake, akaketi chini palepale mchangani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baadaye hatukujua tena kama bado anacheka. Alipoinuka alisema, "Kunjueni vyote. Mimi nacheza na vilivyobaki, nyinyi mnavyo kumi."

Mkewe, anayefagia ofisi yako, alikuja kutushtaki kesho yake. "Mmemfanya nini mume wangu? Kutwa kucha ni voliboli. Jana usiku kainua mito yote, mwisho nimelalia kanga." Alikuwa akilalamika huku amefurahi, maana kwa miaka mingi alikuwa akiishi na mtu asiyezungumza.

MAFANIKIO

Tulichukua kombe la mitaa. Lipo mezani mbele yako, kishikio kimoja kilicholegea tumekifunga waya. Lakini mafanikio tunayojivunia zaidi ni Kocha mwenyewe. Alianza kufika uwanjani kabla yetu, akitugombeza, akitutania, akibishana na wazee juu ya mechi za zamani. Mchezo ulikuwa umemrudia, naye alikuwa amerudi kwa watu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mvua ikinyesha uwanja hugeuka bwawa. Mipira imechakaa. Hayo tumeyazoea.

Changamoto nyingine ni ile mashine. Twiga alipomaliza shule, nyumbani kwao hali ilikuwa ngumu, na Kocha alimhurumia. Mtu asiyeomba kitu kwa mtu alivaa shati lake la Ijumaa akaenda kwa msimamizi wa zamu kumwombea kazi. Akapewa ahadi kwamba binti atakuwa upande wa kufunga mizigo. Siku mkataji mmoja alipougua, Twiga alihamishiwa kwenye mashine ileile iliyomkata Kocha. Haikuwa na kinga wakati ule, na mpaka leo haina.

Mkono wake wa kulia haukuokoka.

Baba yake alipouliza imekuwaje, alijibiwa, "Vijana wa siku hizi wana haraka mno na mikono yao." Aliyejibu hivyo yupo hapa, kwa hiyo hatuna haja ya kumtaja.

Kocha alikwenda hospitali, akafika mlangoni mwa wodi, akashindwa kuingia. Kesho yake aliufungua wavu, akaukunja vizuri, akauleta kwa nahodha. "Mimi ndiye niliyempeleka," alisema. Tangu hapo hajakanyaga hapa. Mkewe anasema mkono umerudi mfukoni, na sasa hata chakula anakula akiwa ametazama ukuta. Tunamwogopea sana.

MAOMBI

Ofisi yako ilituelekeza tuandike maombi mawili tu, na yawe ya michezo. Tumejitahidi kutii.

Ombi la kwanza, mashine ile iwekewe kinga. Hili ni la michezo, kwa kuwa mpira wa wavu unachezwa kwa mikono, na wengi wetu tukimaliza shule hatuna mlango mwingine wa kubisha isipokuwa wako.

Ombi la pili halina gharama. Jezi ulizotuletea tumezipokea na tunashukuru kwa dhati, ila leo hatutazivaa. Kocha anakaa chumba cha mwisho nyuma ya kantini, chenye mlango wa bati. Tunakuomba, kabla ya kupanda gari lako, utembee mpaka pale ubishe hodi, umwambie kwamba kosa si lake. Sisi tumemwambia, na Twiga naye amemtumia salamu hizohizo kutoka kitandani, lakini anatuona watoto tunaomfariji. Wewe ndiye mwenye mashine. Wewe atakuamini.

Mungu akuhifadhi, akuhifadhie na mikono ya watoto wako.

Ni sisi,
Timu ya Mpira wa Wavu ya Wasichana wa Kota za Kiwanda