Msemaji Aliyelisingizia Jua

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, msemaji wetu wa zamani anarudisha kitambulisho na funguo baada ya kulitumikia shirika hili la umeme kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya sherehe imeniomba mimi niandike wasifu wake kwenye jarida letu la wafanyakazi kwa sababu nimekaa dawati la simu za wateja karibu muda wote huo. Kila alichokisema redioni asubuhi, mimi ndiye niliyetukanwa kwa ajili yake hadi jioni. Kamati imesisitiza kwamba wasifu uwe mfupi na wa heshima. Ufupi nitajitahidi.

Aliajiriwa kama msoma mita, enzi zile msoma mita akitembea nyumba kwa nyumba na kukimbia mbwa kwa mbwa. Inasemekana mama mmoja aliyemfungulia mbwa makusudi aliishia kumpa maji ya kunywa na kiti cha kukalia, kwa sababu ya ulimi tu. Habari za ulimi huo zikafika juu. Siku zilivyosonga akavuliwa viatu vya kutembelea, akavikwa tai, akapewa ofisi yenye feni na cheo cha msemaji wa shirika. Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, sauti ya mtu anayejua anachosema. Wakubwa hawakuona sababu ya kuchunguza zaidi ya hapo.

Wakati ule umeme ukikatika, shirika lilikuwa na sababu nne tu: mvua, upepo, mti na ndege. Zilitutosha kwa muda mrefu. Lakini siku moja, mchana mkavu usio na hata wingu, lori letu wenyewe lilirudi nyuma na kuiangusha nguzo yetu wenyewe mbele ya geti letu wenyewe. Nusu ya mji ikazimika. Mkurugenzi akataka sababu kabla ya taarifa ya habari. Bahati nzuri, au mbaya, msemaji wetu alikuwa ametoka kung'olewa jino, na kwenye benchi la daktari alikuwa amesoma ukurasa mmoja na nusu wa jarida la sayansi kabla hajaitwa ndani. Akaenda redioni, shavu likiwa limevimba, akasema, "Ndugu wateja, jua limelipuka."

Mkurugenzi aliisikiliza taarifa ile akiwa amesimama. "Huyu mtu ni dhahabu," alisema. "Jua halina wakili."

Kuanzia hapo tukamwita Bwana Jua. Wakubwa wakamvika kilemba cha ukoka, naye kikamkaa vizuri sana.

Tusimwonee: jambo lenyewe lipo, ni la kweli kabisa. Uso wa jua una madoa meusi, ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama kumi na moja hivi. Yakiwa mengi, jua huwa na hasira, hulipuka, na pengine hutupa wingu kubwa la chembe zenye umeme. Wingu hilo likielekea kwetu hufika baada ya siku moja au mbili, huutikisa usumaku wa dunia, na mtikisiko huo huzaa umeme ardhini usioalikwa. Umeme huo hupanda kwenye njia ndefu za nyaya, huingia kwenye transfoma kubwa na kuzichemsha kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Hiyo ndiyo dhoruba ya sumaku. Kasoro ya Bwana Jua ilikuwa moja tu, kwamba alisoma ukurasa mmoja na nusu, na dhoruba zake zilikuja kila wiki.

Fyuzi ikiungua, ni jua. Fundi akikata waya usio wake, ni jua. Umeme ulipokatika usiku wa fainali ya mpira, simu zilinimiminikia: "Dada, hilo jua lenu linawaka saa tatu usiku?" Kesho yake akaeleza kwa utulivu kwamba jua halilali, liko upande wa pili, na ghadhabu yake hupitia chini. Mwalimu mstaafu wa fizikia akapiga simu redioni kusema kwamba mwaka ule jua halikuwa na doa hata moja. Akajibiwa, "Ndiyo hatari yenyewe, mwalimu. Limejificha."

Hata nyumbani kwake hapakusalimika. Mkewe ni fundi cherehani, na siku moja, umeme ukiwa umezimika tangu asubuhi, aliipigia simu meza yangu. "Wifi," alisema, "mwambie kaka yako akirudi aje na jua lake. Nina shela la bibi harusi hapa, nataka nilipigie pasi kwa hilo hilo."

Nilipeleka ujumbe. Bwana Jua alicheka, akarekebisha tai.

Kisha ukaja mwaka ambao madoa yaliongezeka kweli. Asubuhi moja Injinia wa chumba cha udhibiti, mwanamke ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiizima redio kwa kiwiko kila aisikiapo sauti ya msemaji wetu, aliteremka ngazi na kuingia ofisini kwa Bwana Jua kwa mara ya kwanza. Mlango uliachwa wazi, nami masikio ninayo.

"Jua limelipuka," alisema Injinia.

Bwana Jua alicheka mpaka akashika meza. "Na wewe umeanza?"

"Sitanii. Wanaolitazama jua kule kwenye vituo vyao wametutumia tahadhari. Wingu linakuja moja kwa moja. Kesho mchana litakuwa hapa."

Akamweleza. Njia yetu ndefu kutoka bwawani ndiyo itakayoubeba huo umeme wa ardhini, na transfoma iliyo mwisho wa njia ni kuukuu, mafuta yake yalipaswa kubadilishwa zamani. Ikiungua, nyingine inaagizwa ng'ambo, na kuisubiri ni mwaka au zaidi. Dawa ni kuizima njia hiyo kwa hiari kabla wingu halijafika, hadi lipite. Nusu ya mji itakaa gizani kwa saa kadhaa, lakini mji utakuwa na umeme kesho kutwa.

"Hospitali lazima zijiandae, na wenye pampu za maji," alisema Injinia. "Kazi yako ni moja. Waambie watu."

Kicheko kikaisha. "Injinia," alisema polepole, "nani ataniamini?"

"Hilo umelipika mwenyewe. Lipakue."

Mkurugenzi alikubali njia izimwe, ila kwa sharti kwamba jua lisitajwe. Jua, alisema, sasa linafanya tuchekwe. Itangazwe kuwa ni matengenezo ya kawaida. Injinia akamkumbusha kwamba matengenezo yetu ya kawaida huahirishwa kwa kawaida, na hakuna hospitali itakayowasha jenereta kwa ajili yake. Mkurugenzi akasema kikao kimefungwa.

Jioni ile Bwana Jua aliingia studio akiwa na tangazo la matengenezo mfukoni. Hakulitoa. Alisema kesho mchana kuna dhoruba ya jua, umeme utazimwa, tafadhali jiandaeni. Mtangazaji alicheka hadi kipaza sauti kikakwaruza. Wasikilizaji wakapiga simu kushiriki furaha hiyo. Mmoja aliuliza kama jua linatoza faini. Mwingine aliomba lisaidie kukausha godoro.

Kisha akapiga simu mtu ambaye hakucheka. Alijitambulisha kuwa ni fundi mkuu wa mitambo hospitalini.

"Mzee," alisema, "nina watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wako kwenye mashine za joto. Jenereta yetu nimeifungua, vipande viko sakafuni. Nikianza kuifunga sasa hivi, kesho mchana itakuwa tayari. Nisipoanza, haitakuwa tayari. Umeshanidanganya mara nyingi, sikulaumu, ndiyo kazi yenu. Lakini leo niambie kama mtu mzima. Ni jua, au ni jua lako?"

Mimi nilikuwa bado kwenye meza yangu, redio iko wazi, na simu nilikuwa nimeziacha zilie.

"Fundi," alisema, na sauti haikuwa ile nzito, ilikuwa sauti ya kawaida tu. "Nivumilie nikueleze. Jua la kwanza nililowaambia lilikuwa lori letu. Liligonga nguzo yetu, getini kwetu. Jua la usiku wa fainali lilikuwa transfoma iliyokosa mafuta mapya, na mafuta yale yaliingia shirikani, yalikoishia sijui. Jua la wiki ya mitihani, fundi wetu alikata waya usio wake. Jua la pampu za maji lilikuwa bosi mmoja aliyetaka nyaya zihamishwe zisipite juu ya nyumba anayojenga." Akaendelea. Mtangazaji alikuwa ameacha kucheka zamani. "Yote yale niliyasema mimi, kwa mdomo huu. Nilikuwa nalisingizia. Hili la kesho ndilo jua lenyewe, la kwanza. Funga jenereta yako, Fundi. Nakuomba sana."

"Haya," alisema fundi. "Sasa nimekuamini." Akakata simu, nadhani ili awahi vipande vyake.

Simu iliyofuata ililia kwangu. Alikuwa Mkurugenzi. "Nani amempa ruhusa ya kusema ukweli?"

Nilimjibu kwamba sina hakika kama hapa kwetu upo utaratibu wa kuomba ruhusa hiyo.

Bwana Jua alirudi kuchukua koti lake, shati limemganda mgongoni. Aliniuliza, "Dada, leo nimeifanya kazi au nimeipoteza?" Nikamwambia yote mawili yanawezekana. Nyumbani, alivyonisimulia baadaye, mkewe alikuwa amekwisha kupiga pasi nguo zote za wateja mapema. Alimwekea chakula mezani, akaketi mbele yake, akasema, "Leo ndiyo nimemsikia mume wangu. Yule mwingine wa redioni sikumpenda."

Siku ya pili njia ndefu ikazimwa. Hospitali ikanguruma kwa jenereta yake, matangi ya maji yakawa yamejaa, watu wakalalamika kwa kipimo cha kawaida. Alasiri sindano za chumba cha udhibiti zikaanza kucheza, na transfoma moja ndogo iliyoachwa kazini ikavuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Injinia alisimama kando yake akiwa ameweka kiganja kwenye swichi, tayari kuizima, mpaka ilipotulia. Transfoma kubwa, ikiwa imetengwa na njia yake, ilikaa baridi.

Wenzetu wa shirika la jirani, waliotucheka wakisema jua lao ni la kuanikia nguo, waliacha kila kitu kikiwaka. Transfoma yao iliungua mchana kweupe, wakala mgao wa umeme hadi mwaka uliofuata. Nguo zao, nadhani, zilikauka vizuri.

Mtu angetegemea shukrani. Wateja walinipigia kulalamika: "Mmetuzimia bure, mbona hakikutokea kitu?" Ukizuia moto, unaulizwa majivu yako wapi. Watoto wa mashine za joto walikuwa wadogo mno kupiga simu. Kwenye mkutano wa mwaka, Mkurugenzi alitunukiwa ngao kwa uongozi wake wenye kuona mbali, na hotuba ya kumsifu aliandikiwa na Bwana Jua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kama msemaji. Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo ya mita mbovu, ili, kama barua ilivyosema, shirika linufaike na uzoefu wake wa mita.

Huko stoo alikaa hadi leo, na hapa ndipo wakubwa walipokosea hesabu. Msemaji mpya alikuwa na shahada mbili na sauti nzuri zaidi, ila wateja hawakutaka hata kumsikia. Kila umeme ulipokatika walinipigia wakisema, "Dada, mpe simu yule mzee wa lori." Kinyume cha kanuni zote, nilikuwa nawaunganisha stoo. Nilimsikia akiwaambia, "Ni panya, mama. Ameingia kwenye sanduku la fyuzi, amekufa, na ametuua na sisi. Mafundi wameshafika. Wape kama saa mbili hivi." Nao wakasema asante, wakakata simu. Katika miaka yote ya dawati lile, sikuwahi kusikia mteja akishukuru kwa ajili ya panya.

Mafanikio yake mengine ni haya: hakuchelewa kazini, hakuwahi kumpandishia sauti mtu wa chini yake, na mafuta mapya ya transfoma hatimaye yalinunuliwa, yakafika, na safari hii yakaingia kwenye transfoma. Injinia aliyasimamia mwenyewe.

Juzi msemaji mpya alishuka stoo kuomba ushauri wa mwisho kabla mzee hajaondoka. Nilikuwepo, nimepeleka chai.

"Mzee," aliuliza, "umeme ukikatika, niwaambie nini watu?"

"Waambie kilichotokea, mwanangu."

"Na wakubwa wakikasirika?"

Bwana Jua alitazama kushoto na kulia, kwenye rafu zake za mita mbovu. "Hapa stoo ni pakubwa," alisema. "Nafasi ipo."

Kaka yetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya wateja ambao kwa sababu zao wasingependa kuandikwa kwenye jarida letu, tunakushukuru. Nenda ukapumzike na mke wako, mle pamoja, mzeeke taratibu. Afya njema, amani na siku nyingi tunakuombea kwa Mungu. Umeme usiokatika tusamehe, huo hatuwezi kukuahidi.