Siku Thelathini na Nne za Lucius Pettway

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na ninyi vijana wa timu mlioketi huko nyuma na fulana zenu za kijani, familia imenituma mimi, Alonzo, mdogo wake marehemu, nisimame hapa niwasomee maisha ya kaka yangu. Kabla sijaanza mjue kwamba karatasi hizi ziliandikwa kwa mkono wa marehemu mwenyewe, kasoro habari za kifo chake, shukrani na ukurasa wa mwisho, kwamba pale alipoandika "mimi" nitasema "marehemu", na kwamba aliacha sharti moja tu, pasirukwe kitu, hata pale ambapo familia ingependa sana kuruka.

Marehemu Lucius Amos Pettway alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 11 Juni 1947, katika shamba la pamba lililokuwa maili sita kusini mwa mji huu wa Tolliver, jimbo la Alabama, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Amos Pettway na mama Lovie, ambao wote wametangulia mbele za haki. Tangu mdogo alikuwa mtu wa kuhesabu, alihesabu mistari ya pamba, alihesabu nguzo za uzio, na hapa kanisani alihesabu mara ngapi mchungaji amesema "hatimaye" bila kumaliza mahubiri, tabia iliyompatia makofi kadhaa ya mama yake kwenye benchi ileile ambayo wajukuu zake wameikalia leo.

Alipata elimu ya msingi na sekondari katika shule ya watoto weusi ya Tolliver, akahitimu mwezi Mei 1965, na Septemba mwaka huohuo akajiunga na Chuo cha Tolliver, ambako alisoma hisabati na kuchezea timu ya futiboli, mchezo huu wetu wa helmeti na pedi za mabega ambao mji mzima unauishi. Tarehe 2 Aprili 1966, katika mazoezi ya majira ya kuchipua, goti lake la kushoto lilivunjwa na mchezaji mwenzake, na tangu siku hiyo hakucheza tena, akawa anasimama pembeni ya uwanja na saa mkononi, akiwapimia wenzake muda. Alitunukiwa shahada yake mwezi Mei 1969, akafundisha hisabati sekondari kwa miaka mitano, na tarehe 1 Agosti 1974 chuo kilimwita kuwa mratibu wa ratiba za timu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2014, na aliyoendelea kuifanya baada ya kustaafu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Wengi wenu mlimwita Mzee Kalenda bila kujua kazi yenyewe ilikuwa nini, na marehemu alitaka ielezwe. Chama cha michezo ya vyuo kinaruhusu mazoezi kumi na tano katika majira ya kuchipua, yasizidi hapo, nayo yaishe ndani ya siku thelathini na nne, mawili ya mwanzo bila kugusana, na siku za kuangushana zina hesabu yake. Ndani ya siku hizo lazima upishe maabara za wanafunzi wa uuguzi, uwapishe wakimbiaji wanaoutumia uwanja uleule, upishe ibada ya Jumatano jioni, mvua, na ving'ora vya kimbunga, kisha wachezaji wabaki na siku za kupumua. Marehemu aliyapanga yote hayo kwa penseli, kwenye karatasi moja kubwa yenye miraba, na wiki ya likizo ya wanafunzi aliipaka kivuli cha penseli, maana siku za likizo hazihesabiwi katika zile thelathini na nne. Naomba mlishike hilo la kivuli.

Marehemu alifunga ndoa na Odessa Mims siku ya Jumamosi, tarehe 19 Juni 1971, katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Vernita, aliyezaliwa tarehe 7 Oktoba 1973, na Cornell, aliyezaliwa tarehe 17 Aprili 1976, siku ya mechi ya kufunga mazoezi, ambapo baba mtu alifika hospitali jasho likimtiririka, na shemeji Odessa akamwambia mbele ya wauguzi, "Huyu hukumwandika kwenye kalenda yako, Lucius, ndiyo maana hukuja." Alikuwa mume mwema, mgumu wa kuongea, mpenzi wa pai ya viazi vitamu, na bakuli la peremende lililokaa mezani kwake ofisini halikuwahi kukauka kwa miaka thelathini na mitano.

Sasa tumefika mahali ambapo familia ingependa kuruka.

Mwaka 2009 mazoezi yalianza Jumanne, tarehe 3 Machi, wanafunzi wakaenda likizo kuanzia tarehe 9 hadi 15, na waliporudi mvua ikaharibu siku tatu za uwanja, na Ijumaa, tarehe 27 Machi, upepo ulivunja dirisha la ofisi ya marehemu, kalenda ikalowa hadi ikakatika mkononi. Jumamosi aliichora upya kwenye karatasi kavu, akanakili kila kitu, ila alisahau kuipaka kivuli wiki ya likizo, kisha akahesabu siku thelathini na nne mfululizo, na hesabu ikamtoa Jumapili, tarehe 5 Aprili. Mazoezi tisa yalikuwa yamefanyika, sita yalibaki, na wiki ilikuwa moja.

Alimwendea kocha mkuu wa wakati huo, Wendell Rudd, akamshauri waache mawili, na kocha akamjibu, "Mimi nimeahidiwa kumi na tano, Lucius, nipe kumi na tano." Marehemu akasema, "Wiki haitoshi, kocha, labda nifute mapumziko yote." Kocha akasema, "Sasa raba unayo ya nini?" Basi marehemu akafuta mapumziko ya Jumatano, akafuta na ya Ijumaa, na shemeji Odessa alipoona ibada ya Jumatano imefutwa alimuuliza kulikoni, akajibiwa kwamba ni wiki moja tu.

Alhamisi ya wiki hiyo alipita ofisini kijana wa miaka kumi na tisa, Marquis Gaither, mlinzi wa mstari wa mbele, mtoto wa hapa hapa Tolliver, mwana pekee wa Mama Ernestine Gaither ambaye wengi wenu amewapikia shuleni, akaitazama kalenda ukutani, akasema, "Mzee Pettway, mwaka huu umetusahau kabisa." Marehemu akamwambia, "Jumapili utalala mpaka mgongo ukuume." Kijana akacheka, akachukua peremende mbili, akasema, "Mimi nimeshachoka leo, mzee wangu," akaenda uwanjani.

Siku iliyofuata, Ijumaa, tarehe 3 Aprili 2009, ikiwa siku ya tano mfululizo, jua kali, Marquis alianguka saa kumi na dakika arobaini alasiri katika mbio za mwisho wa mazoezi, akapelekwa hospitali, na saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano jioni akafariki dunia. Mechi ya Jumamosi ilifutwa, na hakuna aliyekumbuka tena yale kumi na tano ya kocha.

Jumatatu, tarehe 6 Aprili, marehemu aliteremsha kalenda ili aifungie kabatini, akaiangalia ile wiki ya likizo iliyokuwa nyeupe, akajua. Muda wao ulikuwa haufungwi tarehe 5, ulikuwa unafungwa tarehe 12, siku ya Pasaka. Siku saba nzima zilikuwepo, na mapumziko aliyoyafuta hayakuwa na haja ya kufutwa. Tarehe 11 Aprili tulimzika Marquis kutoka kanisa hili, marehemu akiwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na kilichomo moyoni hakumwambia mtu isipokuwa mkewe. Chuo kiliunda kamati, kamati ikaandika barua kwamba hakuna aliyekosea, kocha Rudd akapata kazi chuo kingine, na marehemu, nasoma maneno yake kama alivyoyaandika, "nilinyamaza kwa sababu niliogopa, wala sina sababu nyingine iliyo nzuri zaidi." Bakuli la peremende halikujazwa tena.

Siku ya Jumanne, tarehe 15 Machi 2011, baada ya miaka karibu miwili ya kutolala, alikwenda nyumbani kwa Mama Gaither akiwa na kalenda ile mkononi, akamkuta jikoni anamenya viazi vitamu, akamweleza yote akiwa amesimama. Mama Gaither alifuta mikono yake, akatandaza karatasi mezani, akasema, "Hesabu." Akahesabu. "Hesabu tena, na likizo uiache." Akahesabu tena. Ndipo mama akamuuliza, "Sasa unataka nini kwangu, Lucius? Nikwambie nimekusamehe ukalale? Mbona mimi silali?" Marehemu akasema, "Sikuja kuomba kitu, dada." Akaambiwa, "Basi nitokee nyumbani kwangu."

Alipofika getini aliitwa. Mama Gaither alisimama mlangoni, akauliza, "Ya mwaka huu iko wapi?" Akajibiwa kwamba iko ofisini. "Kailete. Na kuanzia leo hakuna mtoto wa mtu atakayeifuata hiyo karatasi kabla sijaihesabu mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mwaka kalenda ilipita mikononi mwa Mama Gaither, akaihesabu kwa kidole mraba kwa mraba, akasema neno moja, "Zimetimia," akairudisha, na kwa miaka hiyo yote hakumkaribisha marehemu kwenye kiti, wala marehemu hakukaa. Tarehe 3 Aprili aliiacha tupu daima, makocha watatu waliofuata wakamlalamikia kila mmoja kwa zamu yake, wa mwisho akimwambia, "Mzee, siku nzuri kama hii unaiacha bure?" naye akamjibu, "Si yangu kukupa."

Mwezi Agosti 2021 figo za marehemu zilishindwa, akaanza kusafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku alizozichagua mwenyewe ili Jumanne, Alhamisi na Jumamosi aende uwanjani. Mwezi Januari mwaka huu alilazwa Montgomery, na kalenda hii ya 2025 aliichora kitandani, mistari ikiwa imepinda kwa kutetemeka. Safari hii hakuweza kuipeleka, hivyo Mama Gaither alikwenda hospitali, akavuta kiti akaketi, akahesabu, akasema "Zimetimia," akaondoka. Marehemu alilia hadi muuguzi akaitwa. Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 27 Februari 2025, saa kumi na dakika kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Montgomery, hasa wale wa chumba cha mashine, mliomvumilia alipowapangia zamu zenu bila kuombwa, inawashukuru majirani kwa kuku, mikate ya mahindi na viti, kanisa kwa maombi, na wafanyakazi wenzake wa chuo mliofika, na wale ambao hawakufika tunawaelewa.

Ukurasa wa mwisho, ambao hakuuandika yeye, ni huu. Jana Ijumaa, saa tisa alasiri, Mama Gaither alikuja nyumbani kwa wafiwa, akaomba kalenda, akaomba na raba ya marehemu. Leo Jumamosi, tarehe 8 Machi, palikuwa pameandikwa mazoezi ya tatu. Mama huyu, ambaye kwa miaka yote alihesabu tu na hakugusa siku hata moja, aliyafuta. Shemeji Odessa akamuuliza yatakwenda wapi, naye akatembeza kidole polepole hadi tarehe 9 Aprili, akaandika, akahesabu tangu mwanzo, likizo akaiacha, akasema, "Nafasi ipo. Kesho watoto wapumzike." Akaipuliza ile karatasi, akakunja miwani yake, akasema, "Na yeye apumzike."

Kaka Lucius, mraba wa leo ni mtupu, na mwenye haki ya kuufuta ndiye aliyeufuta. Pumzika.