Mgombea Aliyekunywa Chai Yangu

Mama Cherehani alikuwa ameketi zake kwenye basi, gauni la mteja mapajani, mgombea udiwani akajibwaga kando yake.

"Shikamoo, mama. Mimi mtoto wenu, naomba kura kesho." Akampa picha yake.

"Marahaba. Ninazo tatu, baba. Moja nimefunikia mtungi."

Mgombea akacheka, akaanza mambo ya taa na mitaro. Mama akafungua kinywa, akakifunga. Basi lilikuwa na breki, mdomo wa mgombea haukuwa nazo.

"Kitendawili," akamkatiza.

"Tega." Hilo hata mgombea hawezi kulikataa.

"Masikio mawili yamelala, mdomo unafanya kazi zote."

"Redio?"

"Ni wewe. Umekuja kwangu mara tatu, umekunywa chai yangu, na kila nikitaka kusema neno unaniambia umenielewa. Umeelewa nini?"

"Kwamba... mtaro umeziba?"

"Kwamba mtaa wetu si wa kata yako, mwanangu. Mpaka ni daraja."

"Nilijua mpaka ni barabara kuu." Mgombea akavitazama viatu vyake, soli zilivyolika kwa kuzunguka mtaa usio wake. "Sasa mama, mbona hamkusema?"

Mama akavuta pumzi mpaka gauni likasogea mapajani. Basi likasimama kabla ya daraja, mgombea akainuka haraka.

"Ngoja," mama akasema, akimshika mkono wa shati. "Dada yangu ndiye anayekaa kata yako, na wanawe wote wakubwa, na bado hawajaamua wampigie kura n..."

"Nimekuelewa, mama," akasema mgombea, akashuka.