Mlango wa Wakubwa Kwenye Chumba cha Viatu

Mheshimiwa Sardar Jagmohan Singh, mgeni rasmi uliyetujengea mlango huu mpya. Mwenyekiti wa gurdwara yetu, nyumba hii ya ibada ya Masingasinga, Balkar Singh, uliyeniomba nikate utepe na ninyamaze. Kina mama wa jikoni mliounguza dengu leo kwa kuhangaika na maua. Na nyinyi wote mlioketi hapa peku: Waheguru, Mungu wetu, awabariki.

Mnaniaga mimi bibi yenu, Beji, baada ya miaka arobaini na miwili ya kupokea na kufuta viatu vya waumini. Shule sikwenda, lakini mtu namsoma kwa soli yake.

Jana nilimuuliza Balkar, "Mwanangu, huu mlango wa nini?"

"Wa wakubwa, Beji. Viatu vyao visichanganyike na vya watu."

"Kwani vya watu vina upele?"

"Beji, we kata utepe tu, tafadhali."

Haya. Hapa ni Amritsar, au nimepotea njia? Mji huu haukuanza na jumba, ulianza na shimo. Guru wetu wa nne, Ram Das, alisema lichimbwe bwawa, watu wakabeba udongo vichwani, na hakuna aliyeuliza karai la wakubwa liko wapi. Hekalu la Dhahabu likapewa milango minne, kila upande wa dunia na wake, tena likajengwa chini, ili hata mfalme ashuke ngazi ndipo afike. Wafalme ile minne iliwatosha. Wewe, Sardarji, umekosa pa kupita?

Nakusifu lakini. Mbao safi, na jina lako limeandikwa kubwa kuliko la Mungu. Ila nakukumbuka ulipokuja mjini kutafuta kazi: kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu. Nilizifuta zote mbili, sawasawa na viatu vya jaji aliyekuwa nyuma yako. Ulilia, mwanangu. Umesahau?

Basi utepe sikati. Na viatu vyako vinavyong'aa nimevitoa kwenye rafu yenu ya mahameli, nikavichanganya na vya watu, jozi mia tatu. Kibati cha namba cha kuvidai kiko mfukoni mwangu. Tukishakula, utaingia kuvitafuta kwa mlango wa zamani. Kila kiatu utakachoinua, kifute kabla ya kukirudisha. Ukivipata, usikimbie: nafasi yangu iko wazi kuanzia leo, na sioni mwingine ninayempenda kiasi cha kumwachia.

Asanteni kwa kunisikiliza. Balkar, toa mkono kwenye swichi ya kipaza sauti. Chukua kitambaa, msaidie mwenzio.