Norbert Sinzinkayo, Wakala wa Bima Aliyeogopa Mvua za Mchesi

Bandugu, bajirani, nanyi mliotoka Lilongwe kuja kulia pamoja nasi hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mimi ni Cishahayo, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, Norbert Sinzinkayo.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1947, mkoa wa Ngozi, Burundi, mtoto wa tatu wa wazazi wakulima, akasoma shule ya msingi palepale Ngozi, kisha sekondari Gitega, aliyoimaliza mwaka 1967. Mwaka 1969 alianza kazi Bujumbura, akiwakatia watu bima ya nyumba, na tarehe 10 Agosti 1974 alifunga ndoa na shemeji yetu Capitoline, wakajaliwa Béatrice na Ganza, ambao tuko nao hapa.

Oktoba 1993 vita vilipozuka, nyumba nyingi alizokatia bima ziliteketea, na kwa kuwa bima ile haikulipa moto wa vita, wenyewe walimfuata wakilia, "Norbert, mbona hukutuambia?" Alikuwa amewaambia, lakini mara moja tu, siku ya kutia sahihi, na swali lile alikimbia nalo kupitia Tanzania, akafika nalo Malawi mwezi Juni 1994.

Mwaka 1995 alipata kibali, akawa wakala wa kujitegemea, akipeleka wateja kwa ofisi moja ya bima mjini Lilongwe, wengi wao wenye nyumba za mtaa wa Mchesi, naye kila mmoja alimweleza kwanza yale ambayo bima haitalipa, hata wengine wakamkimbia.

Januari 1996, mvua zikiwa zimekolea, yakaja masharti mapya, kwamba nyumba ya matofali mabichi ikiangushwa na mvua haitalipwa, mpaka mkaguzi awe ameiona na kuikubali. Mkubwa wa ofisi alimwambia, "Wakala si redio, ngoja mvua zipite."

"Patron, mvua haitatungoja," alijibu, akapanda baiskeli kwenda Mchesi kubisha mlango kwa mlango akiwaambia wateja masharti hayo, na kwa ajili hiyo ofisi ikamwachisha kazi.

Tangu hapo hakutulia, shemeji Capitoline akimwekea nsima, ugali wa huku, inapoa mbele yake, yeye macho yako kwenye mawingu, tansio, presha ya damu, ikapanda, daktari akamwamuru apumzike, naye akapumzika siku moja.

Aliyemtia hofu kuliko wote ni Kassim, mteja wake wa Mchesi, mchuuzi aliyetoka Kindu, Kongo, ambaye ukuta wake ulikuwa umeanza kupasuka, naye akikataa kuhama. "We Norbert, unaona nyufa hata kwenye sahani," alimtania. Tarehe 2 Machi kaka alikwenda tena, akaketi mlangoni pake mvua ikimnyeshea, akamwambia, "Kassim, mkaguzi hajafika, bima haiko tena, na hata ingekuwako, batoto hakuna bima inayowarudisha." Kassim aliona haya kumwacha mtu mzima analowa, akawahamishia mke wake Zena na watoto kwa jirani.

Ukuta ulianguka alfajiri. Habari ilifika kambini nusu, kwamba nyumba ya Kassim imeanguka, basi, na kaka alipoisikia alidondoka hapohapo mlangoni kwake, tukamkimbiza hospitali Lilongwe. Kassim alikuja mbio, akawapanga watoto kando ya kitanda, akasema, "Njo hawa, bote, baangalie." Kaka aliwatazama mmoja mmoja, kisha akauliza kwa shida, "Na Zena?" Zena alikuwa bado njiani, na kaka hakukubali kufumba macho mpaka alipoingia.

Aliaga dunia tarehe 5 Machi 1996, akiwa na miaka arobaini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Dzaleka waliokesha nasi, mawakala wenzake waliokuja kwa mguu kutoka barabarani, na Kassim, ambaye hakulipwa hata tofali moja, lakini leo asubuhi njo yeye aliyeshika jembe wa kwanza kaburini.

Kaka Norbert, pumzika kwa amani ya Mungu, usihangaike tena, bote bametoka.