Kizimba cha Watu Wazima

Sikilizeni wanangu, na asiyetaka kusikia atoke nje sasa hivi, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudia maneno. Bosi, vuta kiti ukae hapa karibu, na hiyo simu uizime. Wateja walioningoja mimi miaka yote watakungoja na wewe. Mwalimu, binti yangu, acha kunikanda miguu, haina habari nawe tena, wewe kaa tu. Na wewe Njiti uliyesimama mlangoni kama mgeni, usiondoke. Nasema nanyi watatu, na mama yenu nitamkuta huko niendako nimweleze kama mlinisikia au mlinipuuza.

Najua mmekwisha kaa kikao. Kuta za nyumba hii ni za mbao, nilizipiga mwenyewe, na mgonjwa hana kazi nyingine ila kutega sikio. Nilimsikia Bosi pale sebuleni akisema mkono wenye damu haurithi kitu, na kwamba karakana na nyumba vigawanywe kwa wawili, na huyu mdogo wenu apewe nauli aende akaanze maisha mbele ya safari. Kisha nikamsikia Mwalimu akinyamaza. Binti yangu, kimya chako kilinichoma kuliko maneno ya kaka yako, maana yeye nimemzoea.

Sisemi Njiti hakuua. Aliua. Mtu asije akatoka hapa akasema mzee alikufa akimsafisha mwanawe. Alikuwa na miaka kumi na minne, na yule mlinzi wa bohari la mbao lililopakana na karakana yetu alikuwa mtu mpole aliyekuja kila asubuhi kuomba moto wa sigara na kututania kwamba meza zetu zina miguu minne lakini akili mbili. Jumapili mchana bohari limefungwa, Njiti akaingia na vijana wawili waliomzidi umri, wakiitaka misumeno ya umeme. Wale waliruka ukuta wakapotea mpaka leo. Huyu kwa ufupi wake hakuufikia ukuta, na mlinzi akamkamata ukosi wa shati. Mkononi Njiti alikuwa na nyundo, nyundo yangu. Akampiga kwa woga, mtu akaanguka. Kisha akampiga tena, naye yuko chini. Hapo pa mara ya pili sina la kumtetea, wala sijapata kumwuliza, kwa kuwa naogopa atanijibu.

Mjane wa yule mlinzi alisimama mahakamani akasema, "Mnabishana miaka ya huyu mtoto. Mume wangu aliuawa na nyundo, na nyundo haina umri." Mkimwona mtu anajua jibu la neno lile, basi mjue yeye hajafiwa.

Lakini sikilizeni na upande wa pili, maana huu nao ni kweli. Sheria ilikuwa na mahakama ya watoto, ikawa na mahakama ya wakubwa, na kwa kosa la kuua jaji alipewa uwezo wa kuchagua. Wakili wetu, kijana mmoja mwenye suti iliyomzidi mabega, alihitaji sahihi ili amsimamie Njiti. Njiti akashika kalamu. Karani akamnyang'anya, akasema mtoto hawezi kutia sahihi, aje baba yake. Nikatia mimi. Asubuhi ileile, kwenye jengo lileile, mtoto asiyeweza kuandika jina lake kwenye karatasi ya wakili akapandishwa kizimbani ili waangalie kama ni mtu mzima wa kunyongwa. Nilicheka, wanangu. Askari alinitazama akadhani nimerukwa na akili.

Na kizimba chenyewe mnakijua. Nilikitengeneza mimi na fundi aliyenifunza kazi, kabla hamjazaliwa, mbao ngumu, pembe zote zimeunganishwa bila msumari hata mmoja. Tulikipima kwa kifua cha mtu mzima, maana ni nani aliyewaza mwingine? Njiti alipoingia mle hakuonekana. Alionekana nywele, na vidole vinane vimeshika ukingo. Watu wa nyuma wakaanza kucheka chinichini. Wakili akaninong'oneza, "Mzee, acha hivyohivyo. Jaji amwone. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa kuliko zote." Siku hiyo kesi ikaahirishwa kabla jaji hajainua macho kwenye makabrasha yake.

Kesho yake Bosi ulikuja na stuli.

Usiinamishe kichwa, sikukuambia uiname. Ulikuwa kijana, ulikuwa fundi mzuri tayari, na sisi watu wa randa tuna ugonjwa wetu: kitu kisichoenea hatulali. Kabati likiyumba tunaweka kabari. Mlango ukisugua tunaupunguza. Ulimwona mdogo wako hakienei kizimba, watu wanacheka, ukaona aibu ya nyumba yetu yote, ukakaa karakana ukampigia stuli kwa kipimo cha macho, na ilikuwa stuli nzuri, hata kuyumba haikuyumba. Ukampa askari, askari akashukuru. Wakili alipoingia na kuiona ilikuwa Njiti amekwisha simama juu yake, uso wote nje, mabega nje, amevaa koti lako. Jaji akainua macho. Akamtazama sana. Akasema mshtakiwa anaonekana mwenye kujimudu na kuelewa, kesi itaendelea papa hapa.

Sijui kama stuli ndiyo iliyomhukumu. Jaji ana vitabu vyake, na pengine hata angemwona kitoto kinachonyonya kidole angesema hayohayo. Wahenga walisema mtoto wa mwenzio mkubwa mwenzio, na mahakama ile iliisoma methali hiyo kama kifungu cha sheria. Sikulaumu kwa stuli, Bosi. Ninalokulaumu ni kwamba tangu siku ile, kila mtu akitaja jina la ndugu yako, wewe husema, "Mahakama ilimwona mkubwa, nani mimi nimwone mdogo?" Ilimwona mkubwa kwa kuwa wewe ulimpandisha! Hilo nimelimeza miaka yote, na leo nalitema ili nisizikwe nalo.

Mwalimu, nipe maji. Kidogo. Basi.

Hawakumnyonga. Walimpa miaka, mingi kuliko aliyokuwa nayo, na wakampa sare ya watu wazima. Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza alikuja ameshika suruali kwa ngumi ili isianguke, na mikono ya shati imefika magotini. Nikamwambia yule mkuu wa zamu, "Mmeona wenyewe kwamba hata nguo zenu zinamkataa." Akaniambia, "Mzee, atakua." Naam, alikua. Alikulia kwenye chumba kimoja na wanaume waliofanya mambo ambayo baba hayasimulii mbele ya binti yake. Yaliyompata humo nilianza kuyajua siku alipoacha kunitazama machoni. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, na tunasahau kuuliza anakunjwa na nani.

Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, ndiyo maana mkamwita Njiti, na kila kitu kikamjia kabla ya wakati wake. Sasa ametoka, ana mvi kuliko Bosi, hajui kununua tiketi, hajui bei ya mkate, hajapata kumtongoza msichana. Ukimwuliza atakula nini anakuambia, "Chochote mtakachotoa." Mkewe Bosi anasema ana jeuri. Si jeuri, mwanangu. Hajapata kuulizwa.

Na nyinyi mnataka kumpa nauli.

Sasa nikuulize, Bosi, mbele ya dada yako. Mwanao alipompasua mwenzake kichwa kwa jiwe pale shuleni, mwaka huu huu, na yule mtoto akalazwa hajitambui, wewe ulifanya nini? Uliacha wateja, ukaenda mbio kwa mwalimu mkuu, ukapiga magoti na suruali yako ya kazini yenye gundi, ukasema, "Ni mtoto, hajui atendalo, tumsamehe." Ana miaka kumi na minne. Na mimi nilifurahi, wallahi nilifurahi uliposema vile, na yule mtoto alipoamka nilimshukuru Mungu hadi machozi. Lakini usiku ule sikulala, kwa kuwa nilijiuliza: angekufa je? Ungemchongea stuli na yeye? Mkuki kwa nguruwe, Bosi, kwa binadamu mchungu. Mwanao na ndugu yako wanatofautiana kitu kimoja tu: fuvu la aliyepigwa na jiwe lilikuwa gumu.

Usinikatize. Utasema nikishafumba.

Nilikwenda kwa yule mjane. Hamkujua. Njiti alipotoka nilijikongoja mpaka kwake, anakaa kwa binti yake siku hizi, chumba cha nyuma, dirisha limezibwa na kabati. Nilidhani atanifukuza. Alinipa kiti akasema, "Sikusamehe, wala mwanao simsamehe, usije ukapoteza nauli yako kuniomba hilo." Kisha akasema neno lililonivunja mgongo. Alisema, "Nilimwona huyo aliyetoka, alipita hapa akasimama ng'ambo ya barabara. Simjui. Mimi nilikuwa nakangoja kale katoto kalikompiga mume wangu, kakue, kaje kaniambie kwa nini kalimpiga mara ya pili. Wamenirudishia baba zima lisilojua hata kusalimu. Kale katoto wamekapeleka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, wanangu, nimechelewa lakini nimeelewa. Walipomwita mkubwa hawakumpa yule mama haki. Walimnyang'anya mtu wa kumdai. Mtoto aliyeua alifia humo ndani bila mtu kumlilia, na waliomfunga wakaenda zao wakasema kazi imekwisha. Ningewaona leo ningewatukana, na Mungu anisamehe, maana mdomo wa mtu anayekufa haupaswi kuwa na matusi, lakini wangu umejaa.

Sasa wosia wangu ndio huu, na ushikeni.

Karakana ni ya Bosi, kwa kuwa ameifanyia kazi, sitamdhulumu. Nyumba hii isiuzwe. Mwalimu aishike, na vyumba viwili vya uani viwe vya Njiti mwenyewe, mlango wake na ufunguo wake. Lakini hivyo ni mbao na mabati, vitaoza. Urithi wangu hasa ni mwingine. Ninawarithisha mtoto. Mlichukuliwa mdogo wenu wa miaka kumi na minne, na mimi nawarudishia, mvi zake na yote. Mleeni. Bosi, utamfundisha randa kuanzia kushika, na akiharibu mbao utamkaripia kama ulivyokaripiwa, usimsemeshe kwa huruma ya mgonjwa. Mwalimu, utamwuliza kila siku anataka kula nini, na utangoja mpaka ajibu, hata chakula kipoe. Asiyeweza kumlea asiguse kitu changu chochote, na radhi yangu asiitafute.

Na mtakwenda naye kwa yule mjane, nyote watatu. Msibebe zawadi. Msiombe msamaha, amekwisha sema hataki. Njiti, utakaa mbele yake, na atakalokuuliza utajibu, hata lile la mara ya pili. Hasa lile. Hukulijibu mahakamani kwa sababu hakuna aliyekuuliza, walikuwa wanapima urefu wako. Utamjibu yeye. Ukilia, ulie. Ukikosa la kusema, urudi tena, mpaka ulipate. Hiyo ndiyo adhabu yako niliyokupangia mimi baba yako, na ni ndefu kuliko ile ya kwanza.

Nani amezima taa? Haikuzimwa? Haya.

Jeneza mnalo, liko nyuma ya mbao ndefu, nililimaliza kabla mikono haijaanza kutetemeka. Bosi, usiliongezee urembo, najua utataka. Mnizike pembeni mwa mama yenu, na mapema, msingoje watu wa mbali.

Njooni sasa, nyote, nisije nikaishia njiani. Bosi, mwanangu, mkono wako wa kazi usikauke, na mwanao akue mpaka ndevu zimuote nyumbani kwako. Mwalimu, Mungu akufungue kinywa. Nimekubariki na kimya chako, lakini usinyamaze tena. Na kila mlichonifanyia, kizuri na... na kile kingine, nimekiacha hapa kitandani, siondoki nacho.

Njiti. Sogea. Karibu zaidi, sikuoni.

Mtoto mkubwa ndiye anayemfumba babake macho, ndivyo watu wanavyofanya, na Bosi amekwisha jiandaa, namjua. Bosi, mpishe. Nimesema mpishe... Ulisema mkono ule haurithi. Basi mimi nataka huo. Huohuo wa nyundo. Lete, mwanangu. Mbona wauficha mgongoni? Uweke hapa usoni. Wa baridi. Uache hapo... polepole... usiuondoe mpaka niwe nime...