Delmar Haugen na Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Mchungaji, ndugu, majirani na marafiki mliokuja Lewistown leo licha ya theluji, familia imenipa kazi ya kuwasomea safari ya mpendwa wetu Delmar Haugen, na mdogo wake, Mzee Norris, aliyeketi hapa mbele, ameomba jambo moja tu, kwamba tusiruke sehemu inayomhusu yeye.

Delmar alizaliwa tarehe 9 Novemba 1938, katika shamba la ngano la wazazi wake karibu na Winifred, hapa Montana, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, akasoma shule ya chumba kimoja hadi mwaka 1952, akamaliza sekondari mwaka 1956, kisha akatumikia jeshi miaka miwili kama fundi wa magari. Mwaka 1960 aliajiriwa hapa mjini kutengeneza matrekta na mashine za kuvunia, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mmoja, na wakulima wengi mlio hapa mnakumbuka alivyolala chali chini ya mashine zenu, akiwagombeza kwa kusahau kuweka mafuta.

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Arlys Kolstad katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Renae mwaka 1963 na Curtis mwaka 1966.

Mwezi Oktoba 1987, baada ya baba yao kufariki, Delmar alikubali shamba liuzwe, Norris akakataa, na jikoni kwa mama yao yakasemwa maneno ambayo hayarudishiki mdomoni, Norris akahamia Roundup, akafungua karakana ya kutengeneza mitutu ya bunduki, na tangu siku hiyo ndugu hao hawakusalimiana, hata walipomzika mama yao walisimama pande mbili za kaburi.

Tarehe 3 Februari 1998, kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye nyundo na kuliharibu jicho la kulia la marehemu, na yeye aliyekuwa amewinda tangu utoto akiegemeza bunduki bega la kulia, hakuweza tena kulenga. Msimu mzima wa uwindaji alikaa nyumbani, akawa mkimya kiasi kwamba Arlys alianza kuogopa, mpaka asubuhi moja alipomwona amefungua daftari na kuandika majina ya mafundi, kwa sababu madukani bunduki za mkono wa kushoto, za kulengea jicho lililombakia, zilikuwa za kuhesabika na hakuna iliyomkaa, basi akaamua kuunda yake mwenyewe, ya kwanza maishani, akiwa na miaka sitini.

Alichagua kama mtu anayechagua mkwe. Mtambo wa katikati, ule unaopokea risasi na kufungwa kwa komeo, aliuagiza kwa mzee mmoja wa Idaho aliyekuwa akitengeneza mitambo yenye komeo la kushoto, akausubiri miezi saba. Kifyatulio alikirudisha mara mbili kwa kuwa kilikuwa kizito kwa kidole chake. Na kitako cha mti wa mjozi alikipeleka kwa mama Ottilie Brandvold wa Bozeman akichonge kwa vipimo vya bega lake, naye akakataa kumpima mpaka avae koti analowindia. Ulibaki mtutu, na yule mzee wa Idaho na mama Ottilie, bila kujuana, walimwelekeza kwa fundi yuleyule, Haugen wa Roundup, kisha wakamuuliza kama ni ndugu yake, naye kila mara akajibu kwamba hamjui.

Vipande vikakaa juu ya meza ya kushonea majira yote ya baridi, hadi Arlys akachoka kushonea mapajani, akamwambia, "Delmar, bunduki bila mtutu ni rungu, na rungu unalo bandani."

Tarehe 22 Aprili 2000, saa nne asubuhi, Delmar aliegesha gari mbele ya karakana ya Roundup, akakaa ndani kwa muda mrefu mikono ikiwa kwenye usukani, akiwa na uhakika kwamba atafukuzwa, mpaka Norris akatoka akifuta mafuta mikononi, akaliona lile jicho ambalo hakuna aliyewahi kumwambia habari zake, akasimama.

Delmar alisema amekuja kwa ajili ya mtutu.

"Mitutu iko kila mahali," Norris akajibu. "Wewe umefuata nini hapa?"

"Wote wanasema wewe ndiye fundi. Na mimi nimechoka kuwaambia watu kwamba sikujui, mdogo wangu."

Norris aliingia ndani, akatoka na kiti cha pili, na Delmar aliporudi nyumbani jioni alimwambia mkewe kwamba anajisikia kama mtu aliyetuliwa gunia la ngano begani.

Waliiunda pamoja hadi Septemba, wakibishana juu ya kila skrubu, na siku ya kuijaribu Delmar hakuliamini jicho lake la kushoto, lakini risasi tatu kwa mita mia moja ziliacha matundu yaliyofunikwa na kifuniko kimoja cha soda, na Novemba hiyo ndugu wawili wakapanda pamoja milima ya Snowy, kisha kila Novemba kwa miaka kumi na minane.

Arlys alitangulia tarehe 30 Mei 2015. Mwaka 2022 mapafu ya Delmar yalianza kukakamaa, mwishoni hata kufunga kamba za viatu kulimchosha, na tarehe 11 Machi 2024, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, baada ya kula vijiko viwili vya pichi za kopo na kulalamika kwamba zimezidi sukari, alipumua polepole mara chache, akatulia. Tunalia, ila hatuwezi kuficha kwamba tumepata pia ahueni, maana tuliisikia kila pumzi aliyoihangaikia kwa miaka miwili.

Tunamshukuru Daktari Pruett na wauguzi waliokuja hadi nyumbani, majirani waliosafisha theluji njiani bila kuombwa, mafundi wenzake watakaobeba jeneza, na akina mama waliotuandalia mikate ya viazi katika ukumbi wa chini ya kanisa.

Delmar, mwili wako sasa umepumzika. Lala kwa amani, hakuna anayekudai neno.